Vijitabu Visivyogongwa Mhuri

Kwa siku mbili nilifungua kila kitabu upande wa nyuma tu, pale inapobandikwa karatasi ya tarehe za kuazima. Sikupekua hata ukurasa mmoja wa katikati. Ningepekua, ningeona alama nyeusi za vidole, za mafuta ya maganda ya korosho, kandokando ya kila picha. Sikuziona, na sina la kujitetea: nilikuwa na shahada mbili za ukutubi.

Ilikuwa Julai 2003. Nilitumwa kutoka Dar es Salaam kuziandaa maktaba za Nachingwea na Ruangwa kwa miaka ijayo. Ndivyo barua yangu ilivyosema. Kwa vitendo, nilitakiwa kupata nafasi ya kompyuta nne katika kila chumba. Kanuni ilikuwa moja: kitabu ambacho hakijagongwa mhuri wa kuazimwa kwa miaka mitano kinaondolewa, kinapelekwa bohari ya Nachingwea, kinachomwa moto.

Mtunzaji wa maktaba ya Ruangwa, Beatrisi, aliniachia rafu zote bila neno mpaka nilipofika rafu ya kilimo. Hapo akaja kusimama mbele yangu.

"Na hivi vya korosho, mwalimu?"

"Havijaazimwa tangu tisini na sita."

"Haviazimwi hivi. Subiri Jumamosi uone mwenyewe."

"Dada Beatrisi, kitabu kisichotoka rafuni kimekufa."

Sentensi hiyo nilikuwa nikiifundisha darasani. Alirudi mezani kwake, nami nikachukulia kuwa amekubali. Alhamisi gari liliondoka na maboksi sita pamoja na hati niliyoisaini mwenyewe. Mimi nilibaki kupima mahali pa meza.

Jumamosi, kabla ya saa tatu asubuhi, baiskeli zilikuwa zimejaa ukutani na chumba kimejaa watu, kila mmoja na tawi la mkorosho mkononi. Mkulima mmoja wa Nkowe, Shaibu, aliweka lake mezani kwangu. Maua yake yalikuwa yamefunikwa na unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiriunga.

"Dada Beatrisi, kile chenye jedwali la dawa ya salfa kiko wapi?"

"Muulize mgeni."

"Mgeni, umekiazima?" Watu walicheka. "Hapa kile hakiazimwi, bwana. Hata diwani alikiomba akanyimwa!"

Ndipo nilipoelezwa. Mwaka tisini na sita mtu wa Likunja aliazima kijitabu kimoja akakaa nacho msimu mzima, huku maua ya wenzake yakikauka. Wakulima wakakubaliana kwamba vijitabu vile visivuke mlango tena. Kila Jumamosi Beatrisi alitafuta picha inayofanana na tawi lililoletwa, akaisoma kwa Kiswahili, kisha akaieleza kwa Kimwera kwa wale ambao Kiswahili cha kitabuni kiliwapita. Havikuwa na mhuri kwa sababu vilihitajiwa na watu wengi kuliko vitabu vyote vya chumba kile.

Nilipowaambia vimekwenda wapi, kicheko kilikatika.

"Nimepuliza salfa mara moja," Shaibu alisema. "Mara ya pili ni baada ya siku ngapi, na kiasi gani kwa mti?"

Beatrisi alitikisa kichwa. "Nilikuwa nasoma, Shaibu, sikukariri. Jedwali lina mistari kumi na miwili. Sikisii mikorosho ya mtu."

"Muulizeni bwana shamba," nilisema.

"Bwana shamba?" Beatrisi alinikazia macho. "Si huja kusoma hapahapa!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mchana huohuo nilipanda lori la mbao hadi Nachingwea. Mlinzi wa bohari, Kipriani, alinionyesha shimo lenye majivu.

"Tumechoma jana, Bwana Modest. Si uliandika 'haraka' kwenye hati? Safari hii mtatusifu kwa kuwahi."

Hasira niliyoisikia hapo bado ninayo. Ofisi iliyochukua miaka saba kuipelekea Ruangwa rafu ya mbao haikuhitaji hata siku mbili kupata kiberiti. Nilimpigia simu mkubwa wangu kuomba nakala nyingine. Akasema vijitabu vile havichapishwi tena, na kwamba wakulima watatafuta habari hizo kwenye mtandao.

"Mtandao upi? Ruangwa umeme haujafika."

"Utafika. Tunajiandaa kwa kesho, Modest."

"Maua yanakauka leo, mzee!"

Alikata simu.

Jumatatu nilirudi nikamweleza Beatrisi. Alikuwa akipangusa rafu tupu. "Nilikwambia usubiri siku mbili," alisema. "Mbili tu. Una elimu yote hiyo, na kusubiri siku mbili kumekushinda?"

Shaibu alibahatisha, akapuliza kwa kuchelewa. Hakuvuna korosho msimu ule; mwaka uliofuata aling'oa nusu ya mikorosho yake akapanda ufuta.

Niliandika barua kumi na moja kwa mkubwa wangu. Mwaka 2005 kanuni ya mhuri ilifutwa katika wilaya zote mbili, na tangu hapo hakuna kitabu kilichoondolewa katika maktaba ya Ruangwa kabla wanaokitumia hawajaulizwa.