Mguu wa Breki

Miezi minane Breki na mkewe waliihangaikia boti ile ya alumini pale uani. Waliikuta kwa muuza vyuma chakavu, ubavu umebonyea, ndani imeota majani. Mke alipiga msasa mpaka viganja vikachubuka. Fundi akaziba matundu, akaipachika injini ya pikipiki ya majini. Boti hii haina panga la kusukuma maji: inafyonza maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu, ndiyo inakwenda.

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake, maana miaka thelathini ya malori hakugonga hata kuku. "Mguu wangu unajua wenyewe," alizoea kujigamba.

Siku ya majaribio fundi aliwaweka kitako. "Nisikilizeni. Maji yanayotoka nyuma ndiyo usukani wenyewe. Ukirudisha kishikio cha mafuta, maji hayatoki, na usukani unazunguka bure. Ukiona hatari, ongeza mafuta ndipo ukate kona."

"Niongeze mafuta kwenye hatari? Fundi, umevuta nini leo?" Breki akacheka mpaka machozi.

Mkewe hakucheka. Akawa anayarudia maneno ya fundi moyoni: ongeza, kata. Ongeza, kata.

Wawili hao walitoka gatini salama. Breki akapiga vigelegele, mtu mzima na mvi zake! Wakageuza kurudi. Binti yao wa pekee alikuwa ameketi ukingoni mwa gati, miguu inaning'inia juu ya maji, simu usoni, anawarekodi.

"Mzee, kata sasa," mke akasema. "Mzee!"

Breki akakata, lakini woga ukamshika, akarudisha kishikio. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu tupu, ukitafuta breki. Usukani ukazunguka bure, na boti ikazidi kwenda mbele, moja kwa moja.

"Toka hapo! Toka!" wakapiga kelele. Binti akadhani wanashangilia, akapunga mkono.

Looh, hofu ile isikie kwa mwenzio! Mwili mzima ulimwambia mke arudi nyuma, afumbe macho. Aliziona soli za viatu vya mwanawe, nyeupe, zinakuja. Akaupiga kikumbo mkono wa mumewe, akakamata kishikio na kukisukuma mpaka mwisho, kumwelekea mwanawe wa kumzaa. Injini ikanguruma.

"Kata!"

Breki akakata. Boti ikajipinda, ubavu ukaparuza gati, ukaondoka na kiatu kimoja.

Walipofunga kamba, binti alikuwa amelowa chapachapa kwa maji yaliyotemwa na boti, analia kwa hasira. "Mama, nimekuona! Mimi niko pale, wewe unaongeza mafuta!"

Breki alikuwa bado kitini, mguu wa kulia umekandamiza sakafu, hauachii.

"Mshike mama yako miguu, umshukuru," akasema. "Aliyekuwa anakuua ni mimi."