Paa Bila Ushuru

Masika yaliyopita yalinitia hasara mpaka nikatamani kulia mbele za watu. Nauza mikate ya mofa soko la Konde, upande usio na paa, na mkate ukishalowa hata kuku anaususia. Nikaapa kwamba yakija masika mengine kama yale naacha biashara, nikakae kwa mwanangu. Na wallahi, kukaa chini ya mkamwana mie siwezi.

Ndipo ukaja uchaguzi wa madiwani, na Bwana Mmanga akaja na gari la kipaza sauti. Mmanga namjua toka anavaa kaptura. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba mpya ya mabati mekundu, unaiona toka njia ya Wete. Akasimama sokoni, akasema akichaguliwa ushuru wa soko ataufuta wote, na soko zima ataliezeka. Watu wakashangilia wee! Jawaher, jirani yangu muuza pweza, alipiga vigelegele mpaka kisu kikamtoka mkononi.

Mie nikauliza, "Mwanangu, na mabati utayatoa wapi?"

"Bi Ummkulthum, hilo niachie mimi."

Haya. Tukamwachia.

Kesho yake asubuhi nikamchukua Jawaher na fundi Talib, tukaenda na ngazi mpaka kwa Mmanga. Talib akapanda juu, akaanza kupima paa. Sisi chini tukawa tunaongea kwa sauti, majirani wasije wakadhani ni wezi. Mmanga akatoka kajifunga msuli kiunoni, povu la dawa ya meno mdomoni.

"Astaghfirullah! Mnafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Tunaangalia kama yatatosha soko," nikamwambia. "Ushuru umetufutia, Mungu akulipe. Mabati ukasema tukuachie wewe. Basi tumekuja kukupunguzia kazi."

"Bi mkubwa, haya ni yangu!"

"Na ya soko ni ya nani?"

"Ya serikali!"

"Na serikali inapata wapi pesa za kuyanunua?"

Akatazama huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa umeshajaa, na Talib kule juu keshaanza kulegeza msumari.

"Kwa ushuru!" akapiga ukelele. "Kwa ushuru wenu! Mwambieni ashuke!"

"Jioni panda gari lako uyaseme hayo hayo."

Akayasema, maskini, sauti imemkauka. Ushuru utabaki, na paa litatoka humo. Hakikusikika kigelegele hata kimoja. Jawaher akaninunia, akasema nimemharibia mtu mwema. Lakini siku ya kura tulimpa yeye Mmanga, sote wawili. Wagombea wenzake walikuwa bado wanaahidi vya bure, na nyumba zao za makuti, hazina hata cha kupima.

Akashinda. Nami nikawa nalipa ushuru wangu kila siku, tena kwa kuutafuta, na mtoza ushuru kila akija namwuliza, "Paa liko wapi?" Ananambia linakuja, bi, linakuja. Nikamchoka, naye akanichoka zaidi. Masika yakafika, paa bado.

Mvua ya kwanza ilipoanza kudondoka, nikajitwika sinia langu, nikaingia ofisini kwa diwani, nikalitua juu ya meza yake. Jawaher akaja nyuma yangu na beseni la pweza, maji yakimchuruzika sakafuni. Mmanga akaruka kutoka kwenye kiti, akaenda kusimama mlangoni kama anataka kukimbia.

"Bi Ummkulthum! Hii ni ofisi!"

"Naijua. Nimeilipia."

Nikafunua mikate. Ilikuwa mikavu, ya moto bado, na nje mvua inamwagika kwa hasira zake zote. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Watu wa sokoni walishatuona, wanakuja mbio na vikapu vyao vichwani.

"Soko likishaezekwa tutahama, hatuna shida," nikamwambia. "Sasa sogea kidogo, mheshimiwa, unaniziba wateja."