Ndila Hazaliwi Upya

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ua tangu alfajiri, lakini wazee wawili walioitwa kwa ajili yake hawakumwangalia. Walikuwa wakimkagua mtoto. Ndila, msichana wa miaka tisa, alisimama mlangoni pa nyumba ya Wakonyo katika gauni la maua lililopigwa pasi ya makaa, mikono nyuma, macho chini, na Mzee Muigai akainama kumtazama meno. Wakonyo aliyaona hayo akanyamaza. Siku hiyo alikuwa ameapa kuwa mpole, na upole haukuwa kazi yake ya kila siku.

Ilikuwa Ruiru, mwaka wa hamsini na saba, katika kimojawapo cha vijiji ambamo serikali ya mkoloni iliwarundika watu wakati wa hali ya hatari. Wakonyo alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mchambuzi wa kahawa kiwandani, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mumewe, Mburu, alifariki bila kumwachia mtoto. Miezi minane iliyopita makao ya watoto kule Thika yalimpa Ndila amtunze kwa muda, na sasa makao hayo yalikuwa yanafungwa. Mtoto ambaye hangepata mzazi wa kudumu kufikia mwisho wa mwezi angepelekwa mbali, pwani. Wakonyo alitakiwa ofisini Jumamosi. Kijiji kizima kilikuwa kimemhakikishia kwamba mwanamke asiye na mume hapewi mtoto mpaka ukoo wa marehemu umsimamie, naye aliamini. Ndiyo maana akanunua mbuzi.

Kwao, mtoto wa watu wengine huzaliwa upya kwa mbuzi. Mwanamume wa ukoo humchinja mnyama, mtoto huvishwa ukanda wa ngozi yake mkononi, na tangu hapo hakuna wa kumwita mgeni. Mwenye kisu siku hiyo alikuwa Ephantus, kaka mkubwa wa Mburu, mzee wa kanisa, mtu aliyependa mno kusikiliza sauti yake mwenyewe.

"Wakonyo," alianza, "watoto wa makao wana mkono mrefu. Leo ni sukari, kesho ni kuku wa jirani."

"Shemeji, sukari yangu iko pale pale tangu mwezi wa kwanza. Aliyeipunguza mara ya mwisho ni wewe, ulipokuja kunywa chai."

Muigai alicheka, kisha akakumbuka kwamba alikuja kuwa upande mwingine. "Lakini huyu ni mkubwa," akasema. "Anamkumbuka mama yake. Siku akiweza kubeba debe la maji peke yake atarudi kwao Ukambani, na wewe utabaki ukiangalia njia."

Neno hilo lilimpata Wakonyo penye kidonda. Mama yake Ndila alikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje ya Thika, akafa kwa homa, na kila mara mtoto alipomtaja, Wakonyo aligeuza mazungumzo. Mara kuni zimekwisha, mara chumvi haionekani. Alijiambia kwamba anamwondolea mtoto uchungu. Kweli yenyewe ni kwamba alimwonea wivu marehemu, tena wivu wa kumchoma, na aliona haya kuukiri.

Ephantus alikohoa, akatoa sharti lake. "Nitachinja. Na Jumamosi nitafuatana nawe hadi Thika, niwaambie kwamba mtoto ni wa ukoo. Ila jina hili la Ndila liishe leo. Mama yetu Nyawira hajazaliwa katika nyumba ya Mburu. Huyu awe Nyawira, na asitaje tena habari za mama mwingine."

Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na kwa jina hilo bibi yule huhesabiwa kuwa amezaliwa tena. Kwa miaka kumi na mitano Wakonyo alikuwa amesimangwa kwamba alimfungia mama mkwe mlango. Kwenye arusi alisimangwa, kwenye matanga alisimangwa, hata mtoni. Sasa mlango ulikuwa wazi mbele yake, na alihitaji kusema neno moja tu.

"Ataitwa Nyawira," alisema. Alisema haraka mno.

Ephantus alimvuta mtoto kando ya mbuzi, akauweka mkono wake mdogo juu ya mgongo wa mnyama. "Sema: mimi ni Nyawira, sina mama mwingine."

Ndila alisema. Alisema yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtoto aliyehamishwa hamishwa hadi akajifunza kukubali upesi. Kisha akamgeukia Wakonyo. "Tata," alimwita, kama watoto wa pale wanavyowaita shangazi zao, "sasa nyanya yangu nimwambie nini?"

"Nyanya yupi?"

"Mwenye jina. Ndila ni yeye. Mama alisema mimi ndiye yeye amerudi. Nikiliacha jina, atakaa wapi?"

Muigai alitazama viatu vyake. Wakonyo alihisi uso ukimwaka. Kumbe Ukambani nako kulikuwa na bibi kizee aliyerudi duniani kwa mtoto huyu, na yeye, aliyeteswa miaka yote hiyo kwa sababu ya bibi kizee mmoja, alikuwa karibu kumfukuza mwingine ili apate kusifiwa na watu. Alijichukia. Akauondoa mkono wa mtoto mgongoni mwa mbuzi.

"Shemeji, rudisha kisu alani."

"Haiya! Umerukwa na akili?"

"Ndiyo kwanza zimerudi. Mtoto huyu hazaliwi upya. Alishazaliwa, na aliyemzaa aliifanya kazi yake vizuri. Mimi nataka kumlea. Sitaki kumfuta."

"Na nani atakupa mtoto, wewe mjane wa chumba kimoja?"

"Basi wakaninyime wao wa Thika, kwa vinywa vyao. Nyinyi nimeshawasikia."

Wazee waliondoka bila kuonja nyama, jambo ambalo pengine liliwauma kuliko hilo la jina.

Jumamosi, mkuu wa makao aliwapokea katika ofisi ndogo yenye masanduku yaliyokwisha fungwa kwa kamba. Aliitwa Bi Wilkister, mwanamke mrefu kutoka Nyanza, mwenye miwani na subira. Wakonyo alianza vita kabla ya salamu.

"Sina mume. Nina chumba kimoja. Ukoo umenikataa. Kama hayo yananinyima mtoto, niambie, lakini ujue sitainuka kwenye kiti hiki kwa hiari yangu."

"Hujakaa bado, mama. Keti kwanza."

Wakonyo aliketi.

"Nani amekuambia tunatafuta mume?" Bi Wilkister aliuliza. "Karatasi yangu inauliza kama mtoto anakula, kama ana pa kulala, kama anasoma, na kama anayemtunza ni mtu wa akili timamu. Hilo la mwisho bado naliangalia."

"Na ukoo?"

"Sikuuandikia ukoo barua. Nilikuandikia wewe. Lakini yuko mtu mmoja anayeweza kukukataa." Akasimama, akamshika Ndila mkono, akaingia naye chumba cha ndani na kufunga mlango.

Wakonyo alibaki akiutazama mlango. Alikuwa amejiandaa kupigana na kila mtu, isipokuwa huyu. Alijua mtoto angekubali, kwa sauti ile ile aliyokubalia kuwa Nyawira, na ghafla akaiogopa ndiyo ya namna hiyo kuliko alivyoogopa kunyimwa.

Ndila alitoka peke yake. "Sijasema ndiyo," alisema.

Wakonyo aliinuka kitini.

"Nimesema nitajibu Jumatatu. Anasema inawezekana. Umekasirika?"

"Hapana," Wakonyo alijibu, na akashangaa kuona kwamba ni kweli. Hakuwahi kumwona mtoto huyu akimngojesha mtu yeyote.

"Kwanza nataka kwenda kwa mama, alikozikwa. Kila nikimtaja unanituma kuni."

"Ni kweli. Nilikuwa nakutuma kuni. Nisamehe."

Kibali cha chifu kilichokuwa kifuani mwa Wakonyo kilimruhusu kufika Thika mjini tu, na kilimtaka awe amerudi Ruiru kabla ya saa kumi. Shamba la mkonge lilikuwa mwendo wa saa mbili upande mwingine, na askari wangemkuta huko, angelala korokoroni. Alikaza kitambaa kichwani, akatoka nje, akaipa mgongo barabara ya Ruiru.

"Mama yako aliitwa nani?" aliuliza walipovuka reli.

Ndila alimtazama kwanza, kama anayepima kitu. "Wayua."

Walipofika, mkonge ulitanda mstari kwa mstari hadi macho yakachoka, na hapakuwa na msalaba wala jiwe. Ndila alisimama. Hakujua aelekee wapi. Wakonyo akajaza kifua pumzi, akapaza sauti hadi wakata mkonge wa mbali wakainua vichwa.

"Hodi, Wayua! Hodi! Nimekuja na Ndila!"

Wakasikiliza. Kisha mtoto akatangulia, akaingia kati ya mistari, naye Wakonyo akamfuata.