Nukta Nyekundu Mlangoni mwa Kanisa

Shemasi Orvel Tackett alikuwa mwoga. Waliolijua hilo ni watu wawili tu, yeye mwenyewe na mkewe Earlene, na Earlene hakuwa mtu wa kutangaza mambo ya nyumbani. Waumini wengine wa kanisa la Cedar Prong walimwona baba mwenye mabega mapana, amesimama mlangoni kila Jumapili ndani ya koti la kijivu, akisalimia watu kwa mkono na kuwaulizia ng'ombe wao. Wakiisha kumwona, walikwenda kukaa na kusinzia kwa amani katikati ya mahubiri. Walijua chini ya koti kuna bastola. Upande ule wa Oklahoma, kanisa lisilo na mzee mwenye bastola mlangoni ni kanisa ambalo bado halijapata wa kujitolea.

Bastola yenyewe haikumsumbua. Aliivaa kila asubuhi pamoja na mkanda wa suruali, akaenda nayo dukani, kwa kinyozi, hata kulisha kuku. Kilichomsumbua ni macho. Alipovuka miaka sitini, kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya bastola kilianza kumpotea, kikawa ukungu mtupu. Gaylon Pruett, askari mstaafu wa sherifu aliyewaongoza walinzi wa kanisa, alimtazama akifanya mazoezi malishoni siku moja, akashika kiuno.

"Mzee, we unalenga au unabahatisha?"

Ndipo Gaylon akamfungia kile kioo. Ni kioo kidogo, hakizidi stempu, kinakaa juu ya bastola, na ndani yake kuna nukta nyekundu inayowashwa na betri. Si ule mwali wa kwenye sinema unaomchora mtu kifuani watu wote wakashuhudia. Nukta hii huonekana na mshika bastola peke yake, mwingine yeyote haioni.

"Sasa nisikilize vizuri," Gaylon alimwambia. "Usiitafute nukta. Mwangalie mtu. Macho yote mawili wazi, mkodolee pale unapotaka risasi iende. Nukta itakuja yenyewe. Ukianza kuitafuta, umekwisha."

Orvel aliitafuta. Kila alipoinua mikono aliitafuta, pua juu, pua chini, kama mtu aliyeangusha miwani. Alijifungia kwenye korido ya nyumba yake, bastola tupu, akailenga milango ya kabati asubuhi na jioni mpaka Earlene akachoka.

"Umeshayaua makoti yangu yote?" aliuliza kutoka jikoni. "Njoo ule, mayai yanapoa."

Isitoshe, ile nukta machoni pake haikuwa nukta. Ilitapakaa kama nyanya iliyokanyagwa, kwa jinsi mboni zake zilivyokuwa. Basi akagundua kijitufe cha kupunguza mwanga, akakibonyeza, akakibonyeza tena, mpaka ikanywea na kuwa ndogo na safi. Kwenye korido ile ya giza ilipendeza mno. Orvel alifurahi, akajiona amewapiga bao vijana. Kwamba nukta iliyofifishwa gizani humezwa na jua, hilo huenda aliambiwa akasahau, au aliogopa kuuliza asichekwe.

Na hofu yake, tuiseme wazi, haikuwa hofu ya kufa. Aliogopa kumpiga asiyestahili. Aliogopa mtoto anayekimbilia choo, mama anayetafuta leso mkobani, kiziwi asiyesikia "simama". Usiku aliamka shuka zimelowa jasho, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama kidole chake cha shahada.

Jumapili moja ya Julai, watu wakiwa bado wanapata kahawa na donati, Gaylon alimvuta pembeni.

"Dwight kampigia Twila simu jana," alisema kwa sauti ya chini. Twila ndiye aliyepiga piano kanisani, na Dwight alikuwa mumewe kabla mahakama haijawatenganisha. "Kasema leo anakuja kumtoa humu, atoke anatembea au atoke amebebwa."

"Sherifu anajua?"

"Nimewapigia. Gari lao liko upande wa pili wa wilaya, watafika watakapofika. Dwight ni mrefu, mwembamba, ana pikapu ya kahawia. We shika mlango wa mbele. Mi nazunguka nyuma, halafu narudi kupitia ukumbi wa chakula." Gaylon akamkazia macho. "Mzee, mbona umepauka hivyo?"

"Donati," Orvel alisema. "Nimekula mbili."

"Sasa acha ya tatu."

Wimbo ulianza. Milango ya ndani ikafungwa, na Orvel akabaki peke yake kwenye ukumbi wa mlangoni, yeye na saa ya ukutani na vyungu vya maua ya plastiki. Mlango wa nje ulikuwa wa kioo kitupu na ulitazama mashariki. Jua lilikuwa limeujaa. Alisikia piano ya Twila kupitia ukutani, na Twila alikuwa akikosea sehemu alizozijua tangu utotoni. Orvel alijikaza kisabuni. Alipanga maua, akayapangua, akayapanga tena.

Pikapu ya kahawia ikaingia kwenye maegesho.

Haikwenda kivulini walikoegesha wenzake. Ilisimama mbele kabisa, na dereva hakushuka. Orvel akabonyeza redio ya mkononi. "Gaylon. Mbele." Hakuweza kusema zaidi ya hapo. Gaylon akajibu kwamba anakuja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mtu akashuka polepole, mrefu, mwembamba kama ufito, amevaa koti zito la majira ya baridi, Julai ile, jua lile! Kofia pana ilikuwa imemfunika uso. Mkono wa kulia aliuchomeka ndani ya koti na hakuutoa. Akaja hivyo hivyo moja kwa moja mpaka barazani.

Orvel alijificha nyuma ya ukuta mfupi wa kutundikia makoti. Hakukumbuka aliichomoa lini bastola. Mikono iliyafanya yenyewe yale ya kwenye korido. Koti likapepea nyuma, bastola ikatoka kwenye ala, viganja vikakutana, mikono ikanyooka. Akachungulia ndani ya kile kioo kidogo.

Nukta haikuwapo.

Palikuwa na mwanga tu. Jua la mlangoni lilikuwa limejaa ndani ya kioo kama maziwa kikombeni, na nukta yake ndogo safi haikuonekana popote. Akainua mdomo wa bastola, akaushusha. Akaupeleka kushoto. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba, Earlene akiwa miongoni mwao, benchi la tatu. Betri imekufa, aliwaza. Nitaua watu wote hawa kwa betri. Kidole kilikuwa kimeshaingia kwenye kifyatulio na yeye hakujua kimeingia lini. Angepiga tu, kwa kukisia, kwa sababu ya hofu, kwa sababu hakuna kinachotisha kuliko kungoja.

Mwangalie mtu. Ile sauti ya Gaylon ilimjia kama kero. Mwangalie mtu, mzee.

Basi akaacha kuitafuta nukta, akamwangalia mtu.

Kwa ile namna yake ya zamani, ya kukodolea kinundu cha chuma, mtu yule angekuwa kivuli kisicho na sura, na Orvel angekipiga kile kivuli. Sasa alimwona vizuri. Alimwona akiufungua mlango kwa kiwiko. Alimwona akisimama kizingitini na kufuta viatu kwenye zulia la mlangoni, cha kulia, cha kushoto, kisha cha kulia tena. Halafu, kabla hajavuka, mkono wa kushoto ukapanda, ukavua kofia, ukaibana tumboni.

Nyumba moja tu katika wilaya ile ilifundisha watoto kuingia kanisani hivyo. Kulia, kushoto, kulia, na kofia itoke kichwani kabla mguu haujagusa sakafu ya Bwana, la sivyo unalo kofi la kisogoni. Orvel alilipata kofi hilo mara nyingi. Mdogo wake Verlin alilipata zaidi.

Kichwa kilichotoka chini ya kofia hakikuwa na unywele hata mmoja. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Lakini yalikuwa mashavu ya mama yao.

Mlango ukajifunga nyuma ya Verlin. Akapiga hatua ndani, koti lake zito likaliziba jua, na mle kwenye kioo nukta ikajitokeza, ndogo, safi, imetulia katikati ya kifua cha mdogo wake kama kifungo cha shati. Ilikuwapo muda wote. Na kidole cha Orvel kilikuwa kimeshakivuta kifyatulio nusu ya safari.

Akakitoa kidole. Ilikuwa kama kukitoa cha mtu mwingine. Mikono ikashuka, lakini ngumi iliyoishika bastola haikukubali kufunguka, ikaning'inia ubavuni pa mguu wake, mdomo wa bastola ukitazama sakafu.

"Kuna mtu humu?" Verlin aliuliza. Alikuwa ametoka kwenye jua kali na haoni kitu, anapepesa macho. Mkono wa kulia bado ulikuwa ndani ya koti.

Orvel akasikia viatu vya Gaylon vikija mbio kutoka ukumbi wa chakula. Gaylon alihamia Cedar Prong baada ya ugomvi wa ndugu hawa, na hakuwahi kumtia Verlin machoni. Angekuta mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la baridi na mkono uliofichwa. Gaylon hakuwa na shida ya macho, na hakuwa na kawaida ya kungoja. Orvel alifungua mdomo apige kelele kwamba huyu siye. Ulimi ulikuwa mkavu, umekwama. Haikutoka hata pumzi.

Miguu ndiyo iliyomtii. Akatoka nyuma ya ukuta, akamfikia mdogo wake, akamkumbatia kwa mkono wa kushoto na kumgeuza, ili mgongo wake mpana uwe upande wa mlango anaokuja Gaylon. Akainama juu ya Verlin amfunike kichwa.

Verlin alishtuka, akanusa lile koti la kijivu, akajua.

"Orvel? Kaka, ndo wewe?" Sauti ikamkatika. "We, usinifukuze. Nimekuja kukaa kwenye benchi la mama tu, ibada moja, halafu n'takwenda zangu."

Walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao, ambayo Verlin hakuyahudhuria kwa sababu alikuwa amelewa. Jioni ile Orvel alimpigia simu, akamwambia asikanyage mbele yake tena mpaka kufa. Naye Verlin alilitii neno hilo karibu mpaka kufa kweli.

Mlango wa ukumbi ukagonga ukuta. "Ndugu Orvel," Gaylon alisema nyuma yao, taratibu sana. "Sogea."

Orvel akamkumbatia Verlin kwa nguvu zaidi.

"Sogea, mzee. Simwoni mkono."

"Ni mdogo wangu," Orvel alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kitoto. "Gaylon. Mdogo wangu. Mdogo wangu huyu."

"Nani huyo?" Verlin aliuliza kifuani pake. "Mwambie nimeshika tumbo. Wamenipasua, bana, nikiliachia naona kama litamwagika. Na baridi, kaka! Mwezi wa saba natetemeka kama kuku kanyeshewa." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Nilidhani utanitoa mkuku. Nimekaa kwenye gari la jirani pale nje nashindwa kushuka. Nilikuwa nakuogopa."

Orvel akamvuta karibu zaidi kwa ule mkono wa kushoto.

"Lakini mkono mmoja tu?" Verlin akasema, akimkandamiza bega kwa paji la uso. "Miaka yote hii unanikumbatia kwa mkono mmoja? Bado una kinyongo, we mzee."

Gaylon alikuwa amekaribia. Aliuona mkono wa pili wa Orvel, ule ulioning'inia, na alichokuwa ameshika. Rangi ikamtoka. Akairudisha bastola yake kiunoni, akachuchumaa nyuma ya Orvel bila kutoa sauti, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja kama mtu anayemtoa kijiko mkononi mtoto aliyelala. Cha mwisho kilikuwa kile cha shahada. Bastola ikamtoka, na Gaylon akaondoka nayo kwa kunyata, ameificha chini ya shati.

Dwight hakuja Jumapili hiyo. Gari la sherifu lilifika watu wakiwa kwenye wimbo wa mwisho, askari akanywa kahawa, akaondoka.

Lakini hayo yalikuwa baadaye; pale mlangoni, Gaylon alipoondoka tu, Orvel alizungusha mkono wa kulia mgongoni kwa mdogo wake. Alihisi mbavu zote kupitia lile koti zito, na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka vibaya kiasi kwamba Verlin alianza kumpigapiga mgongoni.

"Basi, kaka, basi," Verlin alisema. "Usilie. Yameshapita hayo. Umeshanisamehe."

Orvel alimwacha aamini hivyo.