Mnunuzi Aliyekagua Hadi Darini

Mektilda alikuwa ameshafunga vyombo vyake karibu vyote pale mnunuzi alipomletea madai. Alikuwa mjane, muuguzi mstaafu, na nyumba yake ya mtaa wa Kitete ilimzidi ukubwa tangu mumewe Ambrosi afariki. Binti yake Levina alikuwa akimsubiri Urambo, ambako yeye na mumewe walilima tumbaku na kulea watoto wao. Ilibaki kuuza tu, kisha kuondoka.

Mnunuzi mwenyewe aliitwa Suzana, mfanyabiashara wa mchele kutoka Igunga, mwanamke asiyependa maneno mengi. Walikuwa wameshakubaliana bei, ila Suzana aliweka sharti moja: kabla ya kumalizia malipo, angeleta mtu wa kuikagua nyumba. Mektilda hakuona ubaya. Akaja mhandisi mmoja, Silasi, akashinda mle ndani asubuhi nzima akigonga kuta, akipanda ngazi na kupiga picha. Jioni Suzana akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mtaalamu wako ameridhika?"

"Hapana, mama. Kuna vitu naomba virekebishwe ndipo nimalizie."

Akavitaja kimoja kimoja. Ufa kwenye ukuta wa sebule. Bati linalovuja juu ya jiko. Milango, ambayo Silasi aliona imeliwa na mchwa. Chemba ya maji machafu iliyoziba. Na waya za umeme, nyumba nzima, zing'olewe zifungwe mpya.

"Nimesikia," Mektilda akajibu, akakata simu bila kuaga.

Kilichomkera si gharama. Ambrosi alikuwa fundi wa reli, na kila Jumamosi alikuwa juu ya ngazi akirekebisha hiki na kile. Ufa ule aliuziba yeye. Waya zile alizitandika kwa mikono yake. Hata milango ya mninga, ambayo baba yake Ambrosi aliinunua wakati nyumba moja ya zamani ya njia ya misafara ilipobomolewa kule Kwihara, Ambrosi ndiye aliyeipiga msasa na kuifunga. Mektilda aliona kama mtu ameingia kwake akaketi, kisha akaanza kumsema marehemu.

Kesho yake akaja shemeji yake Anton, mdogo wake Ambrosi. Alipoyasikia yale madai aliinuka kabisa kitini.

"Shemeji, nyumba kuukuu inauzwa kama ilivyo! Akitaka mpya si akajenge? Mwambie hurekebishi hata msumari."

"Na akighairi?"

"Aghairi. Tutapangisha."

Mektilda alikaribia kukubali. Lakini alitaka, akimkatalia Suzana, awe na la kusema. Akamwita fundi wake mwenyewe, Masolwa, aliyekuwa ameezeka nyumba nyingi pale mtaani.

"Kagua kila walichokitaja," akamwambia. "Niambie ukweli. Ila moyoni naomba uwe upande wangu."

Masolwa akacheka, akaanza kazi. Alikwangua plasta ya sebuleni. Ndani yake tofali zilikuwa nzima, ufa ulikuwa wa juujuu tu. Akaichoma milango kwa bisibisi, mbao zikagoma.

"Mchwa hawajaigusa hii," akasema.

"Unaona!" Anton akadakia. "Walikuja kutafuta sababu ya kushusha bei."

Chemba kweli ilikuwa imeziba, na bati kweli lilikuwa limetoboka. Mektilda alikubali hayo bila ubishi. Kisha Masolwa akapanda darini, juu ya chumba cha nyuma. Halafu sauti yake ikashuka, ya chini na ya haraka.

"Mama, nenda kazime umeme. Meinswichi yenyewe. Sasa hivi."

Mektilda akaenda, akazima. Masolwa aliposhuka alikuwa na kipande cha waya mkononi. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka, na shaba ilikuwa nje. Akawaonyesha na picha aliyoipiga kwa simu: boriti ya kenchi, ile inayobeba paa, ilikuwa imeungua, nyeusi kama mkaa.

"Imeshawahi kushika moto hapa, ukazimika wenyewe," akasema. "Chumba hiki analala nani?"

Mektilda akatafuta ukingo wa kitanda, akaketi.

"Wajukuu zangu," akasema. "Krismasi walilala hapa. Wote."

Anton akavua kofia yake. Mektilda akajikuta analia, na hapo hapo anamshukuru Mungu, maneno na machozi vikitoka pamoja. Alipotulia akauliza lile lililokuwa likimchoma.

"Ambrosi alikosea?"

"Hakukosea, mama. Alizitandika kwa ajili ya taa na redio. Friji, pasi na hita vimekuja baadaye, zikabebeshwa mzigo usio wao. Na panya nao wamezitafuna."

Mektilda akashusha pumzi ndefu. Kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

"Basi tengeneza kimya kimya," Anton akanong'ona. "Huyo mama asijue. Akijua atashusha bei zaidi."

"Anton, bila yeye nisingepandisha mtu darini. Nimfiche nini?"

Akampigia Suzana siku hiyo hiyo, akamwambia yote, pamoja na boriti iliyoungua. Suzana alikuja kesho yake asubuhi. Aliitazama ile picha ambayo Masolwa alikuwa amemtumia Mektilda.

"Nilidhani utanifukuza, mama," akasema. "Shemeji yako alinisema sana huko nje, nimesikia. Lakini namleta mama yangu akae humu, awe karibu na hospitali. Hatembei. Moto ukiwaka, nani atambeba?"

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, mwanangu."

"Ulikata simu, mama."

Wakacheka wote wawili. Wakaketi jikoni na chai, wakapatana. Mektilda atafunga waya mpya, atabadilisha boriti na kuzibua chemba. Bati atalibadilisha Suzana mwenyewe, na bei ipungue kidogo kwa hilo. Ufa na milango viachwe. Suzana aliigonga milango kwa kiganja, akatabasamu.

"Hapa Silasi kapotea," akasema.

"Kwingine kapatia," Mektilda akajibu.

Kazi ilipokwisha Silasi alirudi, akapanda darini, akashuka akisema sasa imekaa sawa. Anton ndiye aliyewasha taa, chumba baada ya chumba, kama mwenye nyumba. Wakasaini mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na Mektilda akapanda treni kwenda Urambo.

Alimsimulia Levina habari ya ile boriti wakiwa uani wanamenya viazi. Levina aliacha kisu, akawageukia watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma ya banda la tumbaku.

"Mama, mbona siku zote hizo kwenye simu hukuniambia?"

"Nilitaka nikuambie ukiwa unawaona."

Levina akainuka, akamkumbatia mama yake shingoni, na maganda ya viazi yakamwagika chini bila mtu kuyajali.