Mstari wa Kwanza

Kila Jumatatu asubuhi karani wa ramani alipangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa cha miwani, akasogeza chai mbali na kibodi, akafungua mafaili ya wapima ardhi. Yalikuwa maandishi matupu: kila mstari nyumba moja, kila nyumba namba mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi. Kazi yake ilikuwa kuyageuza yawe ramani. Programu ilimuuliza maswali manne, naye aliyajibu bila kuyasoma. Kisha nukta nyekundu zilitawanyika kiooni, na mtaa ukawa mtaa.

Swali la tatu lilitaka kujua kama mstari wa kwanza ni vichwa vya safu tu. Wapima karibu wote waliandika vichwa, kwa hiyo alama ya vema ilikaa kwenye kisanduku chake mwaka mzima, na programu ikauruka mstari wa kwanza kama ilivyoagizwa. Mmoja tu hakuandika vichwa, mzee waliyemwita Futikamba, kwa kuwa hakuiamini mashine mpaka aihakikishe kwa futikamba yake. "Namba haina haja ya kutambulishwa," alikuwa akisema. "Si bibi harusi."

Futikamba alikuwa na desturi nyingine. Mtaa aliuanzia kwenye nyumba ya kwanza iliyomkaribisha kwa kiti na maji ya kunywa. Katika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro aliyemkaribisha alikuwa shangazi yake karani, aliyemlea karani tangu alipofiwa na mama akiwa hajaota meno ya mbele. Alimpa mzee kiti chenye mgongo, maji, na mto wa kuegemea. Faili la mtaa ule lilikuwa na mistari mia mbili na kumi na tatu. Ramani ilitoka na nyumba mia mbili na kumi na mbili, ikabandikwa ukutani siku thelathini ili mwenye pingamizi aseme.

Siku ya nne, mwendesha baiskeli alipita sebuleni kwa shangazi. Aliingilia ukuta wa kabati, akatokea ukuta wa dirisha, na kengele aliipiga mara moja tu, alipokaribia meza. Wiki iliyofuata wanafunzi walipafanya njia, maana palifupisha safari ya shule. Mjumbe wa mtaa aliitwa. Aliugonga ukuta kwa konzi, akaumia, kwa kuwa yeye aliijua nyumba ile tangu ilipojengwa. "Nyumba ipo," alisema, "ila haimo." Akaaga.

Ikawa hivyo. Walioijua nyumba walibisha hodi kama zamani, na mlango ukaitika chini ya vidole vyao. Wasioijua walipita, na wasioijua ni wengi.

Jumapili karani alikwenda kula kwa shangazi kama kawaida yake. Mwanamume mwenye ngazi begani alikatiza kati yao. Shangazi alisogeza bakuli.

"Nani huyo, shangazi?"

"Nitamjulia wapi, baba? Wanapita tu. Kupita si neno, ila hawasalimii. Mtu anakuvukia sahani, hata hujambo hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu mbandike ile karatasi yenu. Si wewe ndiye unayezijua? Hebu nitazamie."

Karani alirudisha tonge sahanini. Alisema atatazama.

Kesho yake alitazama. Mstari wa kwanza ulikuwa pale, namba mbili zisizo na kosa. Aliondoa alama ya vema, akageuza upya, na nukta ya shangazi ikatokea. Aliikodolea macho mpaka chai ikapoa, kisha akafunga faili bila kuhifadhi. Ramani ilikwisha kwenda kwa watu wa maji, wa umeme na wa barabara. Kuibadilisha kulitaka barua yenye jina la aliyekosea, na mwezi ule ndio bosi alikuwa akifikiria kumthibitisha kazini. Karani aliogopa kumwaga unga. Alijiambia siku bado zipo. Aliona aibu, akaenda nayo nyumbani, akarudi nayo asubuhi.

Futikamba alipoleta faili jingine, aliuliza, "Yule mama wa kiti chenye mgongo hajambo?"

"Hajambo."

"Mtu mwema sana. Ndiyo maana nilianza na yeye."

Karani alikwenda chooni, akakaa huko robo saa.

Jumapili ya tatu alikuta shangazi ametandika kitambaa cha kufutia viatu chini ya ukuta wa kabati. Watu wa barabara walikuwa wamepiga mstari wa chokaa, umepita juu ya kitanda.

"Umenitazamia?"

"Bado, shangazi. Kazi zimenizidi."

"Haya. Usijitese, mwanangu. Kula."

Alikula. Asante ya punda ni mateke, alijisemea, na bado akaongeza mchuzi.

Siku ya thelathini bosi alimletea fomu. "Ule mtaa wa kiwanda, kuna marekebisho?"

"Hakuna."

"Andika basi."

Aliandika Hakuna, akatia saini. Bosi alimpa mkono, akamwambia barua ya kuthibitishwa itatoka Ijumaa.

Mapumziko ya mchana karani hakula. Alikwenda mbio kwa shangazi, amweleze yeye walau, apigwe hata kofi. Alifika kwenye mlango wa bluu, ambao aliupaka rangi mwenyewe alipokuwa likizo ya shule. Aliinua mkono kubisha hodi. Mkono ulipita, na yeye akaufuata.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, anashona kifungo. Alikunja miguu kumpisha.

"Hata wewe," alisema, bila hasira.

Karani alitaka kusimama aseme aliyokuja nayo, lakini nyuma yake walikuwa wanakuja wanafunzi, na mwenye baiskeli, na kengele ilikwisha lia.

"Pita, baba, usizuie watu. Nisalimie tu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Alitokea ukuta wa dirisha. Ilikuwa kweli, njia ile inafupisha. Alifika ofisini dakika kumi kabla ya wakati, na bosi akamsifu mbele ya wenzake.