Kilo Tano za Goodness

Kocha Filemon na mimi tulibishana jambo moja kwa miaka miwili na hatukulimaliza. Yeye anasema ngumi ni pumzi na ufundi. Mimi nasema ngumi ni uzito. Filemon alibeba mizigo ya watalii mlimani miaka kumi na minne, ni mfupi, mkavu, na mfano wake haubadiliki: "Mangi Basili, nimeona majitu yenye vifua vya kutisha yakiteremshwa kwa machela, na vijana wa kilo hamsini wanayapita na mizigo kichwani huku wanapiga miluzi." Namjibu kwamba mlima haurudishi ngumi. Mimi ni karani wa mizani katika chama chetu cha kahawa hapa Kibosho. Mtu aliyepima magunia miaka kumi na moja humwambii kwamba uzito si kitu.

Lakini mwanafunzi wake alikuwa binti yangu, Stella, kwa hiyo kila tulipobishana niliomba kimoyomoyo yeye ndiye awe sahihi.

Stella ana miaka ishirini. Kila alfajiri hukimbia kutoka nyumbani hadi karibu na geti la msitu, akarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ndipo anywe chai. Anapigana katika uzito usiozidi kilo hamsini na saba. Desemba iliyopita, siku mbili baada ya Krismasi, wakati ndugu zetu wa Dar wamejaa huku kwetu migombani na magari yao yamekwama kwenye tope, vijana walifunga kamba kuzunguka nguzo nne za mkaratusi katika uwanja wa shule, jirani kabisa na ghala letu la kahawa. Stella alikuwa anapigana na Goodness wa Bomang'ombe. Mshindi anakwenda kambi ya ngumi Dar. Nafasi ilikuwa moja, na Stella alikuwa akiingojea tangu amalize kidato cha nne.

"Baba, usije ukatupa taulo," aliniambia asubuhi ile. "Hata nikitoka damu. Ukitupa taulo nafasi imekwenda, na mimi sitakusamehe."

Nikamwambia sawa.

Stella alipimwa zahanati saa tatu, mizani ikasoma hamsini na sita. Goodness hakutokea. Barabara yetu mnaijua, au kama hamuijui shukuruni Mungu. Pikipiki iliyomleta ilipasuka tairi mara mbili, akafika saa saba mchana, zahanati imefungwa na muuguzi amekwenda kwenye ubatizo. Mwamuzi, mzee Ebenezeri wa Moshi mjini, akakuna kichwa. Halafu akaona mlango wa ghala uko wazi.

"Si kuna mizani pale?" akauliza.

Kuna, nikasema. Ningesema nini?

Mizani ile ni ya jukwaa. Unapandisha gunia, unasogeza jiwe kwenye mkono wake wa chuma mpaka utulie, unasoma. Chini ya jiwe lile kulikuwa na kipande cha chuma, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea, nilichokibandika kwa mikono yangu mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa sababu mwenyekiti wa wakati ule aliniambia nikibandike. Mwenyekiti alikufa. Chuma kikabaki. Gunia la kilo sitini na mbili lilisoma hamsini na saba, msimu baada ya msimu, na kahawa iliyozidi ilikuwa na njia yake ya mlango wa nyuma. Nilijiambia ni karo ya Stella. Mwizi hakosi sababu.

Goodness akavua viatu, akapanda. Ni msichana mrefu wa mabega mapana, anabeba magunia ya mahindi sokoni kwao. Nikasogeza jiwe. Mkono ukapanda, ukashuka, ukatulia.

"Hamsini na saba kamili," nikasema.

"Bwana asifiwe!" Goodness akasema, akashika kifua. "Nimekula Krismasi nzima, nilijua leo narudishwa."

Watu waliojazana mlangoni wakacheka. Filemon hakucheka. Alimtazama yule binti kutoka utosini hadi miguuni, kama anavyotazama mzigo kabla ya kuubeba.

"Na wetu apande hapo hapo," akasema. "Mizani moja, haki moja."

Stella alikwisha kuinama kufungua kamba za viatu. Angepanda tu, mizani ingesema hamsini na moja na nusu, na hakuna mtu katika ghala lile ambaye asingejua maana yake.

"Ameshapimwa na muuguzi!" nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mnataka apimwe mara ngapi? Mvua inakuja, watu wanangoja tangu asubuhi."

Ebenezeri akatazama wingu lililokuwa linashuka kutoka msituni, akakubali. Stella akafunga viatu vyake. Nikafunga ghala, nikatia ufunguo mfukoni, na mkono wangu ukabaki humo humo ukiushika.

Mke wangu Kornelia alikuwa benchi la mbele, rozari imefichwa ndani ya kanga. Nikakaa kando yake. Hakuniuliza kwa nini natoka jasho kwenye baridi ile.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Filemon. Sijui niseme vinginevyo vipi. Stella aliingia, akagonga mbili kwa mkono wa kushoto, akatoka kabla mkono wa Goodness haujafika. Akazunguka. Akagonga tena. Goodness alirusha ngumi kubwa kubwa zinazopita juu ya nywele, na baada ya dakika mbili mdomo ulikuwa wazi, anavuta hewa kwa kelele. Stella alikuwa anapumua kwa pua.

"Unaona, Mangi?" Filemon alinipigia kelele kutoka konani. "Pumzi! Pumzi na miguu!"

Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Sijawahi kutamani kushindwa ubishi namna ile. Nikasema, Mungu wangu, Filemon awe sahihi leo tu, mimi niwe mjinga, na hakuna atakayejua lolote.

Raundi ya pili, Goodness akaacha kurusha. Akaanza kuegemea. Alimfuata Stella mpaka kwenye kamba, akamkumbatia, akamlaza mabega yake yote shingoni, na nikaona miguu ya mwanangu inazama kwenye tope. Mwamuzi akawatenganisha. Akaegemea tena. Kila walipoachana Stella alichelewa kidogo zaidi kuinua mikono. Halafu ikaja ngumi moja ya kulia. Stella aliizuia vizuri, glavu iko mahali pake, jinsi alivyofundishwa. Ngumi ya mtu wa kilo zako ukiizuia inaishia hapo. Ile ilikuja na glavu ya Stella mwenyewe, ikampiga nayo usoni.

Akaenda chini kwa goti moja. Ebenezeri akaanza kuhesabu, na uwanja mzima ukahesabu naye. Saba, Stella akasimama. Nane, akainua mikono. Kengele ikamwokoa.

Nilijikuta nimefika konani kwao, nimeshika kamba. Stella alikuwa amekaa kwenye kigoda, damu ya pua inashuka mpaka kidevuni. Filemon alikuwa anamfuta kwa kitambaa chenye maji.

"Kocha, huyu ni mzito," Stella akasema.

"Amekuzidi kilo moja tu. Tembea. Usikubali akushike."

"Siyo kilo moja." Alitema damu kwenye ndoo. "Nimebeba magunia ya mama tangu niko darasa la tano. Nalijua gunia lililojaa." Kisha akageuza uso wote kwangu, jicho moja limeanza kuvimba. "Baba. Mizani yako iko sawa?"

Watu wa benchi la mbele walisikia. Kornelia alisikia. Kulikuwa na wakulima zaidi ya mia mbili uwanjani pale, na nusu yao nimepima kahawa yao kwa mkono huu.

"Iko sawa," nikasema.

Aliniamini. Nilimwona akiniamini. Mabega yakamshuka.

"Basi ni mimi," akasema taratibu. "Mimi ndiye nimelegea."

Nilikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo, nyumbani kwangu, jikoni kwangu. Kornelia alileta kahawa ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, kwenye mizani ile ile kila msimu, maana mke wa karani akipimiwa kivyake watu watauliza. Nyumbani anapima kwa debe, anajua alichochuma. Akifika ghalani kimepungua. "Ni mimi, Basili," alikuwa akisema. "Shamba limechoka, sijalilisha vizuri." Akaanza kubeba samadi kutoka zizini kwa kichwa, ndoo baada ya ndoo, mpaka mgongo ukamharibika na sasa hawezi kuinama kufunga kiatu. Msimu uliofuata kahawa ikawa nyepesi vile vile. Nilimwambia labda ni mvua.

Filemon akamrudishia Stella kinga ya meno. Ebenezeri akaita. Mimi nikainama, nikapita chini ya kamba.

"Baba, toka!" Stella akapiga kelele. "Nilikwambia sitaki taulo!"

"Sina taulo," nikasema. Nikamgeukia Ebenezeri, na nikasema kwa sauti kubwa, maana ningenong'ona ingekuwa ujanja mwingine wa karani. "Mizani ya ghala ni ya uongo. Inakula kilo tano. Huyu binti ana kilo sitini na mbili. Niliiharibu mimi mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, na kahawa yenu yote imepita hapo."

Halafu kijana mmoja nyuma akacheka. "Mzee anamwokoa mtoto wake!"

"Unasema hivyo kwa sababu mwanao anapigwa," Ebenezeri akasema, si kwa ubaya.

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikampa.

Uwanja wote ulihamia ghalani. Filemon alimvua Stella glavu, akampandisha kwenye jukwaa, akasogeza jiwe yeye mwenyewe. Hamsini na moja na nusu. Alilisogeza tena, akidhani amekosea. Nikalichukua jiwe, nikaligeuza, nikakibandua kile chuma kwa ncha ya ufunguo. Kilichukua muda, kilikuwa kimeshikana na kutu. Stella akapanda tena: hamsini na sita. Goodness akapanda: sitini na mbili.

"Mimi sikujua," Goodness akasema, akaanza kulia. "Jamani, nimepanda nikaambiwa."

"Hukujua, mama," nikamwambia. "Huna kosa."

Ebenezeri akafuta pambano. Akasema watarudiana Jumamosi, Moshi mjini, kwa mizani ya mjini, na Goodness akizidi hata nusu kilo, nafasi ya Dar ni ya Stella. Sidhani kama kuna aliyemsikiliza zaidi ya mabinti wenyewe.

Nilingoja kupigwa. Ingekuwa afadhali. Bibi Mektrida, mjane wa chini ya kanisa, ambaye hajawahi kuleta zaidi ya gunia moja kwa mwaka, alinyoosha mkono, nikampa kile chuma. Akakipima kiganjani, akaguna, akampa aliyesimama kando yake. Kikaanza kupita mkono hadi mkono. Kila mmoja alikishika kidogo, akakifikiria, akampa mwenzake.

Stella alikuwa anatazama ngumi zake zilizofungwa bandeji.

"Kumbe nilikuwa nasimama na mtu wa sitini na mbili," akasema. Si kwangu. Akatabasamu, meno yana damu.

"Na raundi ya kwanza ukaichukua," Filemon akasema. "Jumamosi atakuwa amejinyima chakula siku nne, na mapafu yake yatakuwa yale yale. Twende ukanawe."

Wakatoka. Filemon alinipita bila kuniambia kwamba ameshinda ubishi, na mimi sikumwambia kwamba hajashinda. Stella hakugeuka.

Chuma kilikuwa kimefika kwa Kornelia. Alikuwa amesimama karibu na mizani, mkono mmoja kiunoni, pale panapomuuma.

"Kwa hiyo shamba langu halikuchoka," akasema.

"Halikuchoka."

"Na ulikuwa unaniona nikipita na ndoo."

"Nilikuwa nakuona, Kornelia."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Kisha akakiweka kile chuma juu ya jukwaa la mizani, akangoja. Sote tukautazama mkono wa mizani. Haukutikisika.

"Kumbe hata uzito hakina," akasema. Akajifunga kanga vizuri na kutoka, akimfuata mwanawe.